Kabla Hujanunua Matarumbeta ya Vikosi vya Marekani, Uliza Kii

Naandika haya kwa ndugu walio ughaibuni wanaochangishana pesa kununulia bendi za nyumbani matarumbeta, hasa yale ya zamani yanayouzwa kwa bei ya chini na vikosi vya ngoma na buruji vya Marekani. Sisi tumepitia huko. Pesa zilitoka, watu walinuniana, na ala zikakaa ndani ya gereji miezi mingi kabla hazijapata mahali pa kulia. Hatimaye zilipata, na nitaeleza zilivyopata. Ila tungeepuka mengi kama swali moja lingeulizwa kabla ya kulipa: ala hii iko kwenye kii gani, yaani noti yake ya msingi, ile inayotoka bila kubonyeza chochote, ni ipi?

Nililelewa katika bendi ya Jeshi la Wokovu, Vihiga. Jeshi liliingia Kenya mwaka 1921, na sisi wa Magharibi tumekua tukizisikia bendi zake kila Jumapili, kwenye mazishi na kwenye maandamano. Nilianzia korneti, kisha bandimasta akanihamishia kwenye “tena honi” (kwa Kiingereza tenor horn), na hiyo ndiyo niliyopiga hadi nikasafiri. Bendi zetu zinafuata utaratibu wa Kiingereza: korneti na flugelihoni ni B-flati, tena honi ni E-flati, baritoni na yufoniamu ni B-flati, na besi ziko za E-flati na za B-flati. Mtu akisema “tena honi” hakuna haja ya kuuliza kii, jina lenyewe limeshajibu. Hayo ndiyo mazoea niliyobeba kwenda Pennsylvania, nilikokwenda kufanya kazi ya uuguzi.

Kule nilijiunga na kikosi cha watu wa rika zote. Vikosi vinavyojulikana zaidi, vile vya vijana vinavyoshindana kila kiangazi chini ya Drum Corps International, vina ukomo wa umri na vijana wake hufanya mazoezi kutwa kucha. Vya rika zote ni vya watu wenye kazi na familia, na mazoezi ni ya wikendi. Muziki ni ule ule: ala za shaba, ngoma na wapeperusha bendera, wote wakitembea kwa mpangilio juu ya uwanja mkubwa. Hakuna klarineti wala saksafoni.

Mkufunzi aliniuliza ninapiga nini. Nikamwambia tena honi. Akafurahi, akanipa baritoni. Niliipokea kwa adabu, ingawa niliona wazi kwamba si yangu: mrija wake ni mrefu zaidi, sauti iko chini, hata kipande cha mdomoni ni kipana kuliko nilichozoea. Baada ya mazoezi nilimchorea ala yangu kwenye karatasi. “Ah,” akasema, “hiyo sisi tunaiita alto.” Ala ile ile, E-flati ile ile: Waingereza wanaiita tena, Wamarekani wanaiita alto. Ukienda Ujerumani mambo yanazidi kuchanganya, kwa sababu Wajerumani wakisema tena honi wanamaanisha ala ya B-flati iliyo karibu na baritoni ya Waingereza. Na kikosini hakukuwa na alto ya E-flati hata moja. Walinipa melofoni, ambayo ni ya F. Inashikwa kama tarumbeta, sauti inatokea mbele, na vidole ni vya tarumbeta, kwa hiyo aliyepiga tena honi haimpi shida kubwa. Shida ni sikio. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikisikia kila noti iko toni moja juu ya nilivyotarajia.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba watu wa kikosi kimoja walikuwa na majina mawili kwa kila kitu. Vijana walisema tarumbeta, wazee wakasema soprano. Vijana walisema tuba, wazee wakasema kontra. Nilidhani ni mtindo tu wa kuzungumza. Mzee mmoja aliyekuwa amepiga kontra tangu miaka ya 1970 ndiye aliyenikalisha chini akanieleza, na maelezo yake ndiyo yaliyonifaa baadaye kuliko yote niliyosoma.

Vikosi hivi vilikua mikononi mwa jumuiya za maveterani, American Legion na VFW, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ala yao ilikuwa buruji ya kijeshi, ile isiyo na pistoni (vibonyezo vya kubadilisha noti), na buruji ya jeshi la Marekani ilikuwa ya G. Kanuni za mashindano zikashikilia hapo: ala ya shaba iwe buruji, na iwe ya G. Watu walitaka sauti za chini na za kati, basi watengenezaji wakatengeneza buruji kubwa na ndogo, zote za G, na kuziita kwa nafasi zake katika muziki: buruji ya soprano, ya alto, ya melofoni, ya honi ya Kifaransa, ya baritoni, ya kontrabesi. Pistoni ziliruhusiwa kidogo kidogo. Kwanza ilikuja moja, ikaongezewa roteri, yaani vali ya kuzungushwa. Mwaka 1977 zikaruhusiwa pistoni mbili za kusimama wima, na mwaka 1990 zikaruhusiwa tatu. Lakini kii ilibaki G mpaka msimu wa 2000, ndipo vikosi vikaruhusiwa kutumia ala za kii yoyote. Tangu hapo wengi wamehamia tarumbeta za B-flati, melofoni za F, baritoni na yufoniamu za B-flati na tuba za B-flati. Tangu 2014 hata tromboni na susafoni zinaruhusiwa.

Basi katika vikosi hivi jina lilikuwa linakueleza ala inapiga sauti ipi, kwa sababu kii ilijulikana na wote. Hakuna aliyeandika “soprano ya G”, maana hapakuwa na soprano nyingine. Ikitoka nje ya kikosi na kuingia sokoni, ndipo jina linapompotosha mgeni.

Nilikuwa nimeshayajua haya yote siku mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa nyumbani aliponipigia simu. Sauti yake ilijaa furaha.

“Dada, tumepata! Soprano sita, melofoni mbili, baritoni nne na kontra mbili. Zote dola elfu mbili na mia tatu. Vijana wetu sasa watakuwa na bendi.”

“Hongera, ndugu mwenyekiti. Ziko kwenye kii gani?”

“Kii? Si ni soprano na baritoni? Si hizo hizo za kwetu?”

Nikamuuliza kama wameshalipa. Walikuwa wameshalipa, na mzigo ulikuwa umeshafika kwenye gereji ya mwanachama mmoja.

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata. Soprano zilikuwa na pistoni tatu, jambo lililomfanya kila mtu aamini kwamba ni tarumbeta za kawaida. Baritoni na kontra zilikuwa na mbili. Nilifungua programu ya kupima sauti kwenye simu, nikapuliza soprano ya kwanza bila kubonyeza pistoni yoyote, nikipanda kutoka noti moja hadi nyingine. Simu ikaonyesha G, D, G, B, D. Ya pili, vile vile. Zote, hadi kontra, vile vile.

Nataka usome sehemu hii polepole, kwa sababu inaweza kukuokolea pesa. Pistoni mbili karibu kila mara ni ishara ya G. Lakini pistoni tatu hazithibitishi kwamba ala ni ya B-flati. Kati ya 1990 na 1999 zilitengenezwa ala nyingi za G zenye pistoni tatu, nzuri kabisa, na hizo ndizo zinazowachanganya wanunuzi. Kipimo cha uhakika ni sauti ya wazi, pistoni zote zikiwa juu. Ikitoa G, B na D, ni ya G. Ikitoa B-flati, D na F, ni ya B-flati. Ikitoa F, A na C, ni ya F, na hiyo huwa ni melofoni ya sasa. Hakikisha tu programu imewekwa isome sauti halisi, isiwe imepangwa kubadilisha kwa ajili ya ala fulani. Kama uko mbali, mwombe muuzaji akurekodie sauti hizo kwa simu. Muuzaji mwema hatakataa.

Nilipowaeleza wanachama, gereji ilinyamaza. Halafu maneno yakaanza. Mmoja alisema tumeibiwa. Mwingine, na hili liliniumiza, alisema mwenyekiti amekula kitu kidogo. Mwenyekiti yule alikuwa ameendesha gari usiku kucha kuufuata mzigo, kwa mafuta yake mwenyewe. Muuzaji naye hakutudanganya. Aliandika majina ambayo kikosi chake kimetumia miaka yote. Nilisema hivyo mbele ya wote, na nilisema kwa ukali kuliko ninavyozoea, kwa sababu nimeona vyama vya watu wa nyumbani vikivunjika kwa mambo madogo kuliko haya.

Tulifikiria kurekebisha. Fundi wa ala alituambia ukweli: kutoka G hadi B-flati ni nusutoni tatu, na slaidi ya kuwekea sauti haikupi zaidi ya sehemu ya nusutoni. Ili ipande inabidi mirija ikatwe, pamoja na mirija ya kila pistoni, na bado hujui kama noti zitakaa sawa. Gharama ingezidi thamani ya ala. Tulifikiria kuziuza tena. Wanunuzi wapo, hasa vikundi vya wazee wanaopenda kupiga buruji za ujana wao, lakini bei tuliyotajiwa ilikuwa chini sana ya tuliyotoa.

Nikampigia Mwalimu, bandimasta wetu wa Vihiga, ambaye ndiye aliyenifundisha kusoma noti. Nilikuwa na aibu kana kwamba mimi ndiye niliyenunua.

“Binti yangu,” akasema, “ala ikilia ni ala. Niambie tu inakosa nini.”

Jibu lilihitaji kazi. Niliwaita wenzangu watatu wa kikosini nyumbani kwangu, nikawapa nyimbo za kanisani tunazopiga kwa bendi. Ala ya G inasomwa hivi: ukiandika C, inasikika G iliyo chini yake. Kwa hiyo karatasi ya korneti ya B-flati lazima kila noti ipandishwe toni moja na nusu ndipo ala ya G ilingane na wengine. Kwa soprano zenye pistoni tatu hilo linawezekana, ni kazi ya kuandika tu. Kwa pistoni mbili mambo ni magumu. Pistoni ya kwanza inashusha toni nzima, ya pili nusutoni, zote pamoja toni moja na nusu, na hapo ndipo mwisho. Noti zinazohitaji pistoni ya tatu hazipo: D-flati, D na E-flati za chini, na A-flati iliyo katikati ya mistari. Sasa fikiria wimbo ulio kwenye E-flati, kii ambayo bendi zetu zinaipenda mno. Kwa ala ya G unaandikwa kwenye A-flati. Yaani noti ya nyumbani kabisa, ile ambayo wimbo unarudi kutulia, ndiyo ambayo baritoni haina. Tulijaribu, na mpigaji wa baritoni akawa ananyamaza kila mwisho wa mstari. Wale Wamarekani walihuzunika nami, hawakucheka.

Lakini jioni ile ile mmoja wao alichukua gitaa langu akaanza kupiga korasi kwenye G, na ala zikaingia bila tabu. Hapo nilielewa tulichokuwa nacho. Gitaa hupenda G, D, C na A. Kwaya ya vijana kanisani kwetu inaimba kwa gitaa, na wapigaji wa bendi wamekuwa wakiteseka nayo miaka yote, kwa sababu G ya gitaa kwa korneti ya B-flati ni A yenye shapu tatu (alama za kupandisha noti nusutoni), na A ya gitaa ni B yenye shapu tano. Kwa ala za G, wimbo wa G unaandikwa kwenye C, hauna shapu wala flati. Wa D unaandikwa kwenye G. Wa C unaandikwa kwenye F.

Nikampigia Mwalimu tena. Tukakubaliana ala hizi zisichanganywe na za bendi hata siku moja. Ziwe seti yao wenyewe, za kwaya ya vijana, na ziandikiwe muziki wao. Nilikaa usiku baada ya zamu za hospitali nikiandika sehemu za baritoni na kontra, nikizikwepa zile noti zisizopo kwa kuzipandisha oktava au kumpa mpigaji noti nyingine inayopatana nayo katika kodi (kwa Kiingereza chord). Kama unapanga kufanya hivyo, usiwaachie watoto wagundue wenyewe kwamba noti haipo. Watadhani tatizo ni wao.

Kuna bahati moja iliyotusaidia. Katika enzi ya G, muziki wa vikosi uliandikwa wote kwa klefu ya trebo (alama ya mwanzo wa mistari inayoonyesha noti ziko wapi), hadi kontra, ili mtu aweze kuhama kutoka ala moja hadi nyingine kwa vidole vile vile. Bendi za Kiingereza nazo ndivyo zinavyofanya kwa karibu kila ala, isipokuwa tromboni ya besi. Kwa hiyo kijana wa Vihiga aliyezoea besi ya E-flati alisoma karatasi ya kontra siku ile ile. Kikosi cha sasa kinachotumia tuba za B-flati mara nyingi huandika kwa klefu ya besi, hivyo ukipewa makaratasi pamoja na ala, angalia hilo kabla ya kuyasafirisha.

Usafiri ulitugharimu karibu sawa na bei ya ala zenyewe, ukijumlisha ushuru na lori kutoka Mombasa. Kontra ndizo zilizokula nafasi. Ni ala ya kubebwa begani, mdomo wake mpana ukitazama mbele, na ni nzito. Kwa kijana wa miaka kumi na mitatu ni mateso. Kama ningeshirikishwa mapema ningeshauri kontra moja tu, na pesa iliyobaki iende kwenye baritoni.

Yanayofuata ni kwa wale ambao hawanunui ala za G bali za kisasa, maana huko nako majina yana mitego. Ukiona “honi ya Kifaransa ya kutembea nayo” kwenye tangazo, nyingi ni za B-flati, zina pistoni za mkono wa kulia na hutumia kipande cha mdomoni cha honi. Melofoni ni ya F, na kipande chake cha mdomoni ni kingine. Picha za ala hizi mbili zinafanana sana, zote zinatazama mbele, na nimeona wauzaji wakizibadilishana majina. Honi ya kawaida ya okestra, ile ya mkono wa kushoto, ni kitu cha tatu kabisa. Wamarekani pia huita baritoni ala ambayo mtu wa Jeshi la Wokovu angeiita yufoniamu bila kusita. Kwa bendi yetu tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu baritoni ina mrija mwembamba na sauti kavu kidogo, na yufoniamu ina sauti nene ya kuimba. Usimwulize muuzaji jina. Mwulize upana wa mrija, na umwombe picha ya ubavuni.

Na ukiambiwa ala za G hazitumiki tena popote, si kweli. Kikosi cha ngoma na buruji cha Wanamaji wa Marekani (Marine Corps), The Commandant's Own, kilichoanzishwa mwaka 1934, bado kinapiga buruji za G zenye pistoni mbili. Nilimwonyesha Mwalimu video zao kwenye simu. Alitazama yote, akaomba nirudie, kisha akawaita vijana nao watazame. Baada ya hapo hakuna aliyesema tena kwamba ala zao ni mabaki.

Kabla ya kufunga masanduku nilibandika karatasi ngumu kwenye kila ala na kuandika kwa wino usiofutika: kii, idadi ya pistoni, aina ya kipande cha mdomoni na klefu ya muziki wake. Soprano za G zinakubali vipande vya kawaida vya tarumbeta, kwa hiyo hivyo havikutusumbua. Kontra zinatumia vya tuba. Vya melofoni ndivyo vilivyokuwa adimu, na kimoja kilikuwa kimepotea kabla hata ya kuondoka. Nunua viwili vya ziada. Nunua na mafuta ya pistoni ya kutosha mwaka mzima, na grisi ya slaidi, kwa sababu ala zilizokaa stoo kwa miaka huja na slaidi zilizoganda, na kijana mwenye nguvu akizivuta kwa hasira mrija unapinda.

Kuhusu vipuri, fahamu kwamba Kanstul wa Anaheim, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa ala hizi, alifunga kiwanda mwaka 2019. Fundi wetu alishauri tununue soprano moja mbovu ya aina ile ile kwa bei ya kutupa, ibaki ya kunyofolewa vipuri. Springi zake mbili na kofia moja ya pistoni zimeshatumika Vihiga.